Viza ya ulinzi Australia: jinsi ya kuyapima maelezo yako kabla afisa hajayapima

Watu wengi wanaoandaa ombi la viza ya ulinzi Australia, ile sabklasi 866 ya mtu anayeomba ukimbizi akiwa tayari ndani ya nchi, wanahangaika na karatasi tu. Barua ya mchungaji, picha za nyumba iliyochomwa, kadi ya chama. Sawa, vina maana, lakini hebu kaa siku moja usome maamuzi ya kukataa (yako mengi mtandaoni, majina yamefichwa) utaona mara nyingi mtu hakuangushwa na kukosa karatasi. Ameangushwa na kutoaminika. Afisa anaandika kwamba haamini mwombaji aliwahi kukamatwa, na kuanzia hapo kila kitu kilichojengwa juu ya kukamatwa kinaporomoka chenyewe.

Kwahiyo haya ni ya anayeomba na pia ya yule ndugu au mtu wa kanisani anayekaa naye usiku kuandika. Tuelewane mapema kwamba hatufundishani kutunga hapa. Lengo ni kuyaangalia maelezo ya kweli kwa macho ya mtu asiyekujua, mwenye faili lako mezani, anayelinganisha.

Neno kulinganisha ndio msingi wa yote. Watu wanadhani afisa anakuangalia usoni aone kama unadanganya. Anakuangalia ndiyo, binadamu ni binadamu, lakini uamuzi unaoandikwa unatokana na kuweka kitu ulichosema hapa karibu na kitu ulichosema kule.

Kwanza, jua unapimwa kwa kiwango gani

Kuna maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni nini kilitokea huko nyuma. La pili ni nini kinaweza kutokea ukirudi. Kwa hilo la pili sheria ya Australia haidai uhakika: Mahakama Kuu ilisema tangu 1989 kwenye kesi ya Chan kwamba kinachotakiwa ni uwezekano wa kweli wa kudhurika, na uwezekano huo unaweza kuwa chini ya nusu, hata asilimia 10. Kesi ya Guo ya 1997 ikaunganisha maswali yote mawili, manake yaliyotokea nyuma ndiyo yanayomsaidia afisa kukisia yajayo. Ndio maana historia yako inachunguzwa hivyo.

Alafu kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1999 kwenye kesi ya Rajalingam mahakama ilieleza kwamba kama afisa hana uhakika kabisa kuwa tukio halikutokea, hawezi kulitupa tu, anatakiwa azingatie pia kwamba huenda lilitokea. Na kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kilichotoka mara ya kwanza 1979, kinasema mwombaji anayeaminika kwa ujumla apewe nafuu ya shaka hata kama hana ushahidi wa kila kitu. Ila soma vizuri: nafuu ya shaka inakuja mwishoni, baada ya ushahidi unaopatikana kutafutwa na afisa kuridhika na wewe kwa ujumla. Huwezi kuanza nayo.

Upande wa pili, sheria ilibadilishwa 2015 ikasema wazi kwamba ni kazi ya mwombaji kueleza madai yake kwa ukamilifu na kuleta ushahidi. Afisa hana wajibu wa kukusaidia kuyajenga. Ukiandika kwa kifupi ukitegemea utaulizwa, umejipunja mwenyewe.

Kusanya kila ulichowahi kuiambia serikali

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo na hapa ndipo watu wanaruka.

Kabla hujaandika sentensi moja ya stori, jiulize nimeshawaambia nini mpaka sasa, na wapi. Fomu ya viza uliyoingilia, ya utalii au ya masomo, uliyoandika una kazi, mke, watoto wangapi. Maombi ya nchi nyingine uliyokataliwa. Usajili wa UNHCR kama ulipita kambini. Na hili linasahaulika sana kwa watu wetu: kama dada au kaka yako alishaletwa Australia kwa mpango wa wakimbizi, kwenye fomu zake kuna orodha ya familia nzima, nani yuko hai, nani amekufa, nani amepotea, na umri wa kila mtu. Wewe ukija miaka sita baadaye na orodha tofauti, afisa anazo zote mbili.

Unaweza kuomba nakala ya faili lako kutoka Home Affairs, yaani wizara inayoshughulikia viza, kwa sheria ya uhuru wa habari ya 1982, ukiomba taarifa zako mwenyewe hulipii. Inachukua muda, kwahiyo anza na hilo, usisubiri mpaka siku ya intavyu inakaribia. La ndugu yako hutalipata bila idhini yake, lakini unaweza kumpigia simu ukamuuliza alijaza nini.

Ukishapata, chora jedwali, hata kwenye daftari. Tukio, tarehe, na kila karatasi inasema nini kuhusu hilo. Mstari ukitofautiana weka alama. Usiogope alama zikiwa nyingi, mtu aliyehama nchi tatu na kujaziwa fomu na watu wanne tofauti lazima atakuwa nazo, na kwa kweli mimi nikiona stori ya miaka kumi imelingana kila mahali neno kwa neno ndio naanza kujiuliza imeandikwa na nani.

Sasa kila alama ina matibabu yake. Kama ni kosa la kweli kwenye fomu ya zamani au hii mpya, kuna fomu 1023 ya kurekebisha majibu yasiyo sahihi, itumie na useme nani alijaza na kwanini ilikosewa. Kama ulidanganya kwenye viza ya utalii, ukasema una kazi benki na huna, sema hivyo hivyo kwamba ulidanganya, na sababu. Wanajua watu wanaokimbia hawapati viza kwa kusema wanakimbia. Kinachoua kesi ni kuutetea uongo wa zamani kwa uongo mpya. Kama hukumbuki tarehe, usiweke tarehe. Andika ilikuwa mvua zimeanza, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Disemba 2018, mtoto wa pili alikuwa hajatembea. Hiyo inaaminika kuliko "tarehe 14 saa 3:20" ambayo kwenye intavyu itageuka kuwa tarehe 17.

Na kitu kimoja usifanye: usilainishe. Kuna wasaidizi wanaoona tofauti mbili alafu wanachagua ile inayosikika vizuri na kuifuta nyingine, bila hata kumuuliza mwenye stori ipi ni ya kweli. Tofauti iliyoelezwa na mwombaji mwenyewe kwenye maelezo yake ina uzito mdogo sana ukilinganisha na tofauti ileile ikigunduliwa na afisa.

Hata ukiongeza chumvi mahali, si lazima kila kitu kife. Kwenye kesi ya Abebe ya 1999 majaji wa Mahakama Kuu walisema si ajabu mtu anayeomba ukimbizi akashawishika kupamba maelezo yake, na hiyo peke yake haijibu swali kama ana hofu ya kweli. Lakini usiende pale ukitegemea huruma hiyo, maana kama ulichopamba ndicho kiini cha dai lako, afisa ana ruhusa ya kutilia shaka na mengine.

Jinsi ya kumsikiliza mtu

Wewe unayesaidia, usianze na maswali ya fomu. Mwambie akusimulie siku ile tangu alipoamka. Alafu nyamaza. Usimkatize, usimmalizie sentensi, usimuulize "walikuwa na bunduki sio?" maana atasema ndio. Akimaliza ndio urudi nyuma: hapo uliposema walikuja, wewe ulikuwa umesimama wapi, nani mwingine alikuwepo, walisema lugha gani, ulitokaje.

Kitu cha kusikilizia sana ni mpaka kati ya alichokiona na alichosikia. Mtu anasema "walimuua mjomba pale sokoni", unaandika, kumbe hakuwepo, aliambiwa na jirani siku ya pili. Si uongo, ndivyo tunavyosimulia. Ila kwenye intavyu ataulizwa mjomba alianguka upande gani na atababaika. Andika toka mwanzo: niliambiwa na jirani, mimi nilikuwa shambani.

Maelezo ya ndani yana nguvu, mambo madogo ambayo mtu asiyepitia hawezi kuyajua: chumba alichofungiwa kilinuka nini, chakula kilipitishwa wapi, mlinzi yupi alikuwa na utu kidogo. Lakini usimkamue mtu mpaka avumbue. Akisema sikumbuki, andika hakumbuki.

Kuhusu kumbukumbu, kuna utafiti uliochapishwa 2002 kwenye jarida la kitabibu la BMJ, walihojiwa wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliokuwa Uingereza, mara mbili, kuhusu matukio yaleyale. Hawakuwa na sababu ya kudanganya, na bado tofauti zilikuwa za kawaida, hasa kwenye mambo ya pembeni kuliko kiini. Waliokuwa na msongo mkubwa wa kiwewe tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu. Kama mtu wako ana dalili hizo, halali, anasahau, anaganda katikati ya stori, ripoti ya daktari au mwanasaikolojia ipatikane kabla ya intavyu, sio baada ya kukataliwa. Daktari hawezi kusema nani alimpiga. Anaweza kusema kovu linaendana kiasi gani na maelezo, kuna ngazi za kueleza hilo kwenye Itifaki ya Istanbul ya 1999, mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza mateso, na anaweza kueleza kwanini mtu huyu anasimulia kwa kurukaruka.

Vilevile acheni kufundishana kulia, au kumtazama afisa machoni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2006, wa Bond na DePaulo, ulikuta watu wanatambua uongo kwa usahihi wa kama asilimia 54, yaani karibu na kurusha shilingi. Maafisa wenye mafunzo wameshaambiwa wasitegemee sura. Mtu aongee kama anavyoongea.

Mkalimani

Stori yako inapita mdomoni mwa mtu mwingine, na Kiswahili chetu kina mitego miwili mikubwa. Mmoja ni saa. Tuseme mama wa Uvira anasema walikuja saa mbili usiku, akimaanisha giza limeshaingia watu wanakula, yaani saa nane usiku ya Kizungu, mkalimani aliyechoka anasema saa mbili ya Kizungu, na sasa kwenye rekodi ni usiku wa manane. Mwezi ujao mkalimani mwingine anaitafsiri sawasawa, saa nane ya Kizungu, na afisa ana matukio mawili. Mwingine ni ukoo: baba mdogo anageuka "baba", mtoto wa shangazi anageuka "kaka", na baba wa mtu anakuwa amekufa mara mbili. Dawa ni kueleza kwa urefu: baba mdogo, mdogo wake baba yangu mzazi. Masaa mawili baada ya jua kuzama.

Omba mkalimani wa Kiswahili unachoongea, sema kama ni cha Kongo, au useme unataka Kirundi au Kinyamulenge kama ndiko ulipo huru zaidi. Wakalimani wenye cheti cha NAATI, chombo kinachothibitisha wakalimani Australia, ndio wa kutafutwa, na TIS National, huduma ya ukalimani ya serikali, kwenye 131 450 wanapatikana saa 24. Maelezo ya maandishi yasomwe tena kwa sauti kwa lugha yako kabla ya kusaini, ukurasa kwa ukurasa. Mtoto wako wa miaka 15 asikutafsirie, kuna vitu hutavisema mbele yake.

Na hapo hapo: mwanamke, au mwanaume, aliyebakwa mara nyingi hasemi mara ya kwanza. Unaweza kuomba afisa na mkalimani wa jinsia unayotaka. Likisemwa kwa kuchelewa lisemwe na sababu ya kuchelewa, kwasababu tangu mabadiliko ya 2015 dai jipya likiletwa kwenye rufaa bila maelezo ya kuridhisha, wanaosikiliza rufaa wanatakiwa na sheria kulitilia shaka.

Maswali ambayo lazima yaje

Kwanini ulichelewa kuomba? Uliingia Machi ukaomba mwaka uliofuata viza ilipokaribia kuisha. Mahakama ilishakubali tangu 1994 kwenye kesi ya Selvadurai kwamba kuchelewa kunaweza kuangaliwa kama kipimo cha hofu. Majibu ya kweli yapo, nilikuwa na viza halali, sikujua kuna kitu kama hiki, niliogopa ubalozi utaambiwa. Yaandike kwenye maelezo, usisubiri uulizwe.

Kwanini ulirudi nyumbani, kwanini ulikwenda ubalozini kuomba pasipoti mpya kama unaiogopa serikali. Hapa tofautisha nani unamwogopa. Anayekimbia waasi au familia ya mume hana sababu ya kuogopa kaunta ya pasipoti, lakini sema.

Shughuli za hapa Australia. Ukianza kuandamana na kuposti baada tu ya kuleta ombi, sheria inamtaka afisa asizihesabu isipokuwa umridhishe kwamba hukuzifanya ili kuipa kesi nguvu. Onyesha mwanzo wake, ulikuwa unafanya nini kabla.

Dini na mapenzi ya jinsia moja ni maeneo magumu kwasababu hamna karatasi. Mahakama za Australia zimeshaonya waamuzi wasijigeuze walimu wa dini, mtu anaweza kuamini kwa dhati na asijue mitume kwa mpangilio. Na kwenye kesi ya S395 ya 2003 Mahakama Kuu ilikataa hoja ya kwamba mashoga wawili kutoka Bangladesh wataishi salama wakijificha. Kinachosaidia ni safari ya ndani, ulianzaje kujijua, ulimwambia nani kwanza, ilikugharimu nini. Picha za faragha usipeleke. Barua tatu za marafiki zenye aya zilezile ndio mbaya zaidi, afisa anaziona mara moja kwamba zimeandikwa na mkono mmoja.

Na hali ya nchi. Maafisa wanatakiwa kuzingatia ripoti za nchi za DFAT, wizara ya mambo ya nje ya Australia, pale zilipoandaliwa kwa ajili hiyo, na wanasoma nyingine pia, za Uingereza na za umoja wa Ulaya. Zitafute, soma sehemu inayohusu eneo lako. Kama ripoti inasema kundi fulani halikuwepo wilaya yako mwaka ule na wewe unasema lilikuwepo, huenda ni wewe uko sahihi, ila jibu liwe tayari. Lakini afisa akisema "mtesaji wa kweli asingekuachia simu", hiyo sio taarifa ya nchi, ni kukisia kwake, na inapingwa.

Karatasi feki na maejenti

Usinunue karatasi. Sheria ya Australia inasema ukileta hati bandia kama ushahidi wa utambulisho, uraia au utaifa, viza lazima ikataliwe, isipokuwa uwe na maelezo ya kuridhisha na uwe umeleta za kweli au umejitahidi kuzitafuta. Kama ulisafiri kwa pasipoti ya mtu, liseme ukurasa wa kwanza.

Na anayekuuzia stori iliyofaulu ya mtu mwingine, mkimbie. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa loya au ejenti aliyesajiliwa OMARA, ofisi ya serikali inayosajili maejenti wa uhamiaji, ni kosa, wewe unayesaidia jirani pia kumbuka: kutafsiri na kuchapa sawa, kumwambia adai nini hapana. Washauri wa sheria wa bure wapo, mashirika kama RACS kule Sydney, Refugee Legal na ASRC kule Melbourne, foleni ni ndefu kwahiyo piga mapema.

Siku yenyewe na baada yake

Usipoelewa swali sema sijaelewa. Ukisikia umetafsiriwa vibaya sema pale pale, inarekodiwa. Ukitoka ukakumbuka umekosea, andika siku hiyohiyo kurekebisha, na omba nakala ya sauti. Ikija barua inayokutaka ujibu taarifa mbaya waliyonayo, jibu kila kipengele, hata kile kinachoonekana cha kijinga, ndani ya muda uliowekwa.

Ukikataliwa na hauko kizuizini, una siku 28 tangu ujulishwe kupeleka rufaa kwa ART, baraza la rufaa lililochukua nafasi ya lile la zamani, AAT, tarehe 14 Oktoba 2024. Ukiwa kizuizini muda ni mfupi zaidi, angalia barua yako. Kabla ya kumpigia loya soma sababu ukiwa na kalamu mbili. Rangi moja kila mahali aliposema hakuamini, na pembeni andika ni kwasababu gani: karatasi, tarehe, kuchelewa, au kukisia tu. Rangi nyingine kila mahali aliposema hata kama ningeamini, bado mwombaji angeweza kuhamia mji mwingine au kulindwa na polisi. Hizo za rangi ya pili zipate majibu yake yenyewe na ushahidi wake, kwasababu unaweza kusafisha tofauti zote za stori ukaaminiwa mwanzo mpaka mwisho na ukakataliwa tena kwa aya hiyo moja.